Raha ya Gari la Kasi Katika Barabara ya Watu Wote

Vijana wa mtaa wetu wameleta swali, nami nimeombwa nijaribu kulijibu katika kurasa hizi. Swali lao ni hili: Mtu aliyejaliwa kupata gari la michezo, yaani gari lililoundwa hasa kwa ajili ya kasi na raha ya kuendesha, je, anatenda dhambi akilifurahia katika barabara hizi hizi tunazozitumia sote? Walipolijadili wenyewe waligawanyika pande mbili. Wa kwanza walisema ni dhambi, kwa sababu kasi huua. Wa pili walisema si dhambi hata kidogo, kwa sababu gari ni mali yake, mafuta ameyanunua kwa jasho lake, na Biblia haina neno juu ya magari.

Naona pande zote mbili zimejibu upesi mno. Jambo kama hili halimalizwi kwa neno moja. Hatuna budi kulichambua kidogo kidogo: kwanza raha yenyewe, kisha barabara, kisha watu wanaoitumia barabara hiyo pamoja nasi.

RAHA YENYEWE

Wakristo tumekuwa na desturi ya kukitilia shaka kila kitu kinachopendeza, kana kwamba Shetani ndiye aliyeumba furaha. Sivyo. Mtazame mtoto anayekimbiza ringi ya baiskeli kwa kijiti. Hakuna aliyemfundisha kupenda mwendo. Ameupenda tu, na uso wake unang'aa. Kijana anayegeuza shingo kulitazama gari zuri likipita ni mtoto yule yule, ila amekua.

Nayo Maandiko hayaoni haya kuusifu mwendo. Someni Ayubu sura ya 39. Mungu anapomjibu Ayubu anamtajia mbuni, ndege asiyeruka, ambaye akianza kukimbia hata farasi na mpandaji wake huonekana si kitu kwake. Kisha anamtaja farasi wa vita, asiyejua hofu wala kutulia mara asikiapo mlio wa tarumbeta. Mungu anayasema hayo kama fundi anayejivunia kazi ya mikono yake. Katika Zaburi ya 19 jua lenyewe linafananishwa na mtu hodari anayeifurahia safari yake. Basi asiyependa kasi na asiipende, lakini asiseme kwamba kuipenda ni uovu.

Tena kuna ufundi. Gari la michezo lililo zuri hukaa chini karibu na ardhi, ni jepesi, na usukani wake humjibu dereva mara moja. Colin Chapman, mwanzilishi wa magari ya Lotus huko Uingereza, alisifika kwa kusisitiza jambo moja: badala ya kuongeza nguvu ya injini, ondoa uzito. Mwaka 1989 Wajapani wa kampuni ya Mazda walitoa gari dogo la watu wawili, MX-5, ambalo halikuwa na injini kubwa wala kasi ya kutisha, lakini watu wa nchi nyingi walilipenda kwa sababu lilikuwa jepesi na tiifu mikononi. Kazi kama hiyo ni matunda ya akili ambayo Mungu amempa mwanadamu, na mwenye kuifurahia anaweza kumshukuru Mungu bila kona kona.

Kwa hiyo wale waliosema kwamba kasi ni dhambi moja kwa moja hawakusema kweli yote. Raha hii ni halali. Swali linalobaki ni mahali pake na gharama yake.

KWA NINI MBIO ZILIONDOLEWA BARABARANI

Tamaa ya kukimbiza magari katika barabara za watu wote ina umri sawa na gari lenyewe, na historia yake yafaa kujulikana.

Mwezi Mei 1903 yalianzishwa mashindano ya kutoka Paris, Ufaransa, kwenda Madrid, Hispania. Magari yalipita vijijini, watu wakiwa wamejipanga pande zote mbili za njia. Siku ya kwanza tu ilileta maafa kwa madereva na kwa watazamaji. Marcel Renault, mmoja wa ndugu walioanzisha kampuni ya Renault, aliumia akafa. Serikali ikayasimamisha mashindano yalipofika Bordeaux. Madrid hayakufika kamwe. Huko Uingereza sheria ya 1903 iliweka kikomo cha maili 20 kwa saa katika barabara za umma, na wale waliotaka kwenda mbio zaidi wakajengewa uwanja wao huko Brooklands, uliofunguliwa 1907.

Waitalia waliendelea na mbio za barabarani. Kuanzia 1927 walikuwa na mashindano yaliyoitwa Mille Miglia, yaani maili elfu moja, katika barabara za kawaida zipitazo mijini na mashambani. Mwaka 1955 Mwingereza Stirling Moss alishinda akiwa na gari la Mercedes-Benz, na wastani wa mwendo wake ulizidi kilomita 157 kwa saa kwa safari nzima. Watu walishangilia. Miaka miwili baadaye, Mei 1957, gari la Ferrari lililoendeshwa na Alfonso de Portago lilipasuka tairi karibu na kijiji cha Guidizzolo, likaacha njia. Alikufa yeye, akafa mwenzake Edmund Nelson aliyekaa kando yake, wakafa na watazamaji 9. Kati yao 5 walikuwa watoto. Mbio za namna ile zikakomeshwa.

Angalieni neno hili. De Portago hakuwa mlevi wala mjinga. Alikuwa dereva mwenye sifa, katika gari lililotunzwa na mafundi hodari wa wakati ule. Tairi likipasuka halimwulizi dereva ana ustadi kiasi gani.

Nasi wa Afrika ya Mashariki tuna historia yetu. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianza mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yalijulikana kila mahali kwa jina la Safari Rally. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, na wengi wa rika langu wanakumbuka watu wakitoka kanisani wakiulizana nani anaongoza. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara 3, mwaka 1965, 1974 na 1976. Gari la michezo hasa, Datsun 240Z, lilishinda 1971 na 1973. Ilikuwa furaha ya kweli, wala sitaki kuikana.

Lakini yafaa tukumbuke jinsi wenyewe walivyoiogopa barabara. Safari Rally ya zamani ilipita katika njia zilizokuwa wazi kwa watu wote: ng'ombe, malori, baiskeli, wanafunzi. Kwa hiyo katika miaka ya 1980 na 1990 timu kubwa zilikuwa na helikopta zilizoruka mbele ya gari, na mtu aliyekuwa ndani yake alimwonya dereva kwa redio kwamba kuna ng'ombe au lori mbele. Fikirini jambo hilo. Madereva waliokuwa bora kuliko wote duniani, wenye taa kubwa, breki kubwa na msomaji wa ramani kando yao, hawakuthubutu kuyaamini macho yao peke yake. Na mashindano hayo yaliporudi katika orodha ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, yalirudi katika njia zilizofungwa, hasa kandokando ya Naivasha. Kijana anayeliona gari la namna ile likishinda huko, kisha akanunua linalofanana nalo ili alikimbize kati ya maduka na vituo vya basi, amenunua gari tu. Njia iliyofungwa hakuinunua, wala helikopta hana.

HESABU YA MITA 28

Sasa tuje kwenye hesabu, maana watu wengi hudhani kwamba kuzidisha mwendo mara mbili ni kuzidisha hatari mara mbili. Hesabu inasema vingine.

Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto ameingia barabarani, yapita kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Mita 14 zimekwisha. Kisha gari lenye breki nzuri, juu ya lami kavu, litahitaji mita 14 nyingine hivi lisimame. Jumla ni mita 28.

Mchukueni sasa mwenzake aendaye 100. Katika sekunde ile moja ya kushtuka yeye amekwisha kupita mita 28. Yaani pale pale ambapo gari la kwanza limesimama kabisa, la pili ndiyo kwanza linaanza kushika breki. Likimkuta mtoto hapo, litamgonga kwa mwendo wote wa 100. Na kwa kuwa nguvu ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili, gari hilo lina nguvu mara 4, si mara 2, nalo litahitaji zaidi ya mita 50 nyingine kusimama.

Mtu atasema, mimi siendi 100 mjini, naenda 70 tu. Vema, na tupige hesabu ya 70. Breki zikiwa zile zile na lami ile ile, akifika kwenye mita ya 28 bado anakwenda karibu 58. Aliyezidisha kilomita 20 juu ya kikomo anamgonga mtoto kwa mwendo mkubwa kuliko ule wa dereva mtiifu kabla hajaona lolote. Sheria za Tanzania na za Kenya zimeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Naamini msomaji sasa anaona kwamba namba hiyo haikutungwa ili kumpa kazi askari mwenye tochi.

Liko jambo jingine la kutisha zaidi. Sisi walimu, kwa miaka mingi, tumewafundisha watoto wanaotembea kwenda shule kanuni moja: tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia, kisha vuka ikiwa hakuna gari karibu. Ni kanuni nzuri. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Royal Holloway, chuo kilicho sehemu ya Chuo Kikuu cha London, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa shule ya msingi. Waliona kwamba katika hali fulani macho ya mtoto hayawezi kutambua vizuri kuwa gari linamjia, ikiwa gari hilo linakwenda zaidi ya maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Mtu mzima huliona linakua; mtoto huona kama limesimama mahali pamoja.

Basi mtoto aweza kutii kila neno aliloambiwa na mwalimu wake, atazame kulia na kushoto na kulia tena, aone njia ni salama, avuke, na afe. Hakukosea. Kanuni tuliyompa inamtegemea dereva atimize upande wake, naye dereva hajui hata kwamba kuna mapatano.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya 2023, lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani. Zaidi ya nusu walikuwa waendao kwa miguu, kwa baiskeli au kwa pikipiki na vyombo vya namna hiyo. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua.

NANI ANAYELIPA?

Hapa ndipo penye moyo wa swali letu. Watu husema, kila safari ina hatari. Hata basi liendalo pole laweza kuua. Hata gari la wagonjwa. Je, tusisafiri? Hoja hii ni nzito, wala haifai kudharauliwa.

Jibu langu ni kwamba kuna hatari ambayo sote tumekubali kubebeana. Mimi nahitaji lori lilete unga sokoni. Nahitaji basi linipeleke hospitali. Kwa sababu hiyo, nikitembea kando ya barabara, nakubali kwamba magari yatanipita karibu. Dereva naye, siku akiwa hana gari, huikubali hatari ile ile. Faida tunagawana, na hatari tunagawana. Huo ni ujirani.

Lakini ile hatari ya ziada, inayoongezwa na mtu aendaye 100 mahali pa 50 ili moyo wake uchangamke, haina mgawanyo. Raha yote ni yake peke yake. Na akikosea, yeye amefunga mkanda, amezungukwa na chuma na mifuko ya hewa. Mama mwenye ndoo kichwani hana hata kimoja. Mama huyo hakuulizwa. Dereva wa mashindano amechagua mwenyewe. Mtazamaji amekuja kwa miguu yake. Lakini mama huyo alikuwa anarudi kisimani. Kumfanya alipe gharama ya starehe asiyoijua ni kumchukulia kilicho chake, na kitu chenyewe ni uhai wake.

Wale waliosema kwamba Biblia haina neno juu ya magari na wasome Kutoka 21, mstari wa 28 na 29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alijulikana tangu zamani kuwa ana desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe alionywa, naye hakumzuia, basi hatia ni ya mwenye ng'ombe. Torati haimkatazi mtu kuwa na ng'ombe mwenye nguvu. Inamwuliza: Ulijua? Ulionywa? Ulimfunga? Leo, baada ya hesabu na taarifa zote hizi, hakuna dereva awezaye kusema kwamba hakuonywa.

Someni tena Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8. Mtu akijenga nyumba mpya ameagizwa aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Dari ni mali ya mwenye nyumba. Anaweza kupumzika juu yake jioni na kufurahia upepo. Lakini raha ya dari huja pamoja na wajibu wa ukuta.

WANAYOSEMA WENGINE

Zipo hoja nyingine tatu ambazo husikika mara kwa mara.

Hoja ya kwanza: Mimi ni dereva hodari. Mwaka 1981 mtafiti Ola Svenson wa Sweden alitoa matokeo ya kuwauliza madereva wajilinganishe na wenzao. Katika kundi la Wamarekani aliowauliza, 93 kwa kila 100 walijiweka katika nusu ya juu kwa ustadi wa kuendesha. Mwalimu yeyote atacheka. Panga darasa kwa alama, kata katikati. Waliomo nusu ya juu ni nusu ya darasa, hawawezi kuwa 93 kwa 100. Maana yake ni kwamba hisia ya kuwa hodari si ushahidi wa kuwa hodari. Na hata aliye hodari kweli hana ustadi wa kumzuia mtoto wa mwenzake asikimbilie mpira.

Hoja ya pili: Gari langu ni la kisasa, breki zake ni nzuri. Ni kweli breki nzuri ni baraka. Lakini huko Munich, Ujerumani, katika miaka ya 1980, baadhi ya teksi zilifungwa breki mpya zisizokamata magurudumu, na nyingine zikaachwa na za zamani. Ajali za zile zenye breki mpya hazikupungua kama ilivyotazamiwa, kwa kuwa madereva wake walianza kuendesha kwa ukali zaidi. Usalama waliopewa waliutumia kununulia kasi. Breki njema zilikusudiwa kuwa akiba ya jirani yako. Ukizitumia zote kwa raha yako, akiba imekwisha.

Hoja ya tatu: Barabara ilikuwa tupu. Hii ndiyo hoja ngumu kuliko zote. Juni 1964, alfajiri, dereva Jack Sears aliendesha gari la AC Cobra katika barabara kuu ya M1 huko Uingereza kwa mwendo wa maili 185 kwa saa, karibu kilomita 298, akilijaribu kabla ya mashindano ya Le Mans. Wakati huo M1 haikuwa na kikomo cha mwendo. Hakuna sheria iliyovunjwa, wala hakuna aliyeumia. Watu walipiga kelele sana. Kikomo cha maili 70 kiliwekwa Desemba 1965, baada ya mfululizo wa ajali katika ukungu, na kikafanywa cha kudumu 1967.

Je, Sears alitenda dhambi? Mimi nasita kumhukumu. Barabara ile ilijengwa kwa ajili ya magari peke yake, waendao kwa miguu hawaruhusiwi, na saa ile ilikuwa ya mapema. Kati yake na mtu apitaye 90 mbele ya shule kuna tofauti kubwa, na tusiwachanganye. Hata hivyo, neno "tupu" lina mtego ndani yake. Dereva hujua kwa hakika kwamba njia ilikuwa tupu baada ya kuipita. Kabla ya hapo anajua tu kwamba hajaona mtu. Na katika barabara zetu, zisizo na ua wala njia ya pembeni, mtu anayetoka katika mahindi saa kumi na moja alfajiri akiwahi shambani naye haonekani mpaka awepo.

LILILO HALALI

Je, nimewanyang'anya vijana raha yao? Sidhani. Mwenye gari zuri anaweza kulifurahia sana ndani ya mwendo ambao jirani yake ameukubali. Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa kona zile za mlimani, akichagua gia inayofaa kabla ya kona, akiushika usukani bila papara, akiisikiliza injini ikivuta, akimpisha mtu mwenye mzigo wa kuni kwa nafasi ya kutosha, anaonja uendeshaji wote ulio bora, naye pengine hazidi 40. Gari jepesi humpa mtu furaha hiyo mapema, kwa mwendo mdogo. Nguvu nyingi mno ndizo zinazomdai kasi kubwa kabla hazijampa chochote.

Na akitaka kasi yenyewe, mahali pake papo: uwanja au njia iliyofungwa kwa ajili ya mbio. Wajerumani walifungua uwanja wa Nürburgring mwaka 1927, na hata leo kuna siku ambapo mtu wa kawaida hulipa kiingilio akaingia na gari lake. Najua wengi watasema kwamba viwanja vya namna hiyo viko mbali nasi na vina gharama. Ni kweli. Lakini starehe nisiyoweza kuilipia haiwi halali kwa kuitoa bei yake katika mfuko wa mwingine. Vijana wanaopenda mbio wanaweza kuungana katika vyama, wakaomba mahali, wakafunga njia kwa kibali. Wapenda mbio wa nchi nyingine walianza hivyo hivyo.

Kwa matumizi ya kila siku natoa mashauri matatu. Kwanza, kikomo cha mwendo ukitii kwa ajili ya mtoto usiyemwona, si kwa ajili ya askari. Wanaowashiana taa kuonyana kwamba kuna tochi mbele wanasaidiana kukwepa faini. Natamani tungeonyana hivyo hivyo kwamba mbele kuna shule. Pili, abiria akikuambia punguza mwendo, punguza, wala usimcheke. Amekukabidhi uhai wake, na ana haki ya kuuulizia. Tatu, wazazi mnaowapa vijana magari, wapeni na maneno haya kabla ya ufunguo.

Tuna methali isemayo, mwenye nguvu mpishe. Kama habari ya jinsi dunia ilivyo, ni methali ya kweli, na barabara zetu zinaifuata: baiskeli humpisha gari, gari humpisha lori, na aendaye kwa miguu huwapisha wote hata mtaroni. Lakini Mtume Paulo, katika Warumi 15, aliwaandikia wenye nguvu kwamba wao ndio wanaopaswa kuuchukua udhaifu wa wasio na nguvu, wasijipendeze nafsi zao tu. Katika sura iliyotangulia aliwaonya wasimwangamize kwa chakula chao mtu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake. Paulo hakusema chakula ni kibaya. Alisema kuna ndugu. Nadhani juu ya gari la kasi angesema vivyo hivyo.

Na katika Katekisimo tuliyojifunza kabla ya Kipaimara, wajibu wetu kwa jirani unajumuisha kutomdhuru mtu yeyote kwa neno wala kwa tendo. Wengi wetu tulilikariri fungu hilo tukiwa watoto wenye kutembea kwa miguu. Lina kazi kubwa zaidi kwetu tunapokuwa na ufunguo wa gari mkononi.

Tunaposali Litania tunawaombea wote wasafirio, wa nchi kavu na wa majini. Jumapili ijayo tukifika hapo, tumkumbuke mwenye gari la michezo, Mungu ampe kufika salama na furaha yake. Na tumkumbuke mwanafunzi wa darasa la pili anayengoja kando ya lami avuke, maana naye ni msafiri.